Mstari Ukutani

Katika kiwanda kimoja cha kuchapa mapazia na mashuka kulikuwa na chumba chenye meza tatu za kuchorea, na mbili kati yake zilikuwa zimekaa bure kwa miaka sita. Juu ya moja palikuwa na birika la umeme na vikombe. Juu ya nyingine kulirundikwa kila kitu ambacho hakikuwa na mwenyewe: miavuli, fremu zilizopinda, kalenda za miaka iliyopita. Kwenye meza ya tatu, karibu na dirisha, alikaa mchoraji pekee aliyebaki. Wenzake walimwita Rula, kwa ajili ya rula ya chuma ya sentimita sitini na nne aliyotembea nayo kama askari na kirungu chake. Jina lilimganda, hata mkewe nyumbani akalitumia.

Sentimita sitini na nne ndiyo mzunguko wa silinda ya kuchapia. Silinda ikizunguka mara moja, mchoro umekwisha. Ikizunguka tena, mchoro unaanza upya, na kazi yote ya mchoraji wa vitambaa ni kumfanya mnunuzi asijue ulipoishia wala ulipoanzia. Kichwa lazima kiingie mkiani. Mstari ukifika ukingoni mwa karatasi na kukosa mwenzake upande wa pili, kitambaa kizima kinabeba kosa hilo kila baada ya sentimita sitini na nne, mita elfu tano mfululizo. Kiwandani kosa hilo waliliita kidonda. Rula alikuwa na sifa iliyojulikana mpaka kwa madereva wa malori: kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kutoa mchoro wenye kidonda.

Sifa yake ya pili, kwamba alikuwa na jicho, haikuwa yake. Hilo lilijulikana kwa watu wawili tu, naye alikuwa mmoja wao.

Jumatatu asubuhi meneja alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke wa rika la binti yake, mwenye adabu kamili na maneno ya kupima. Mezani alikuwa ametandaza vipande viwili vya kitambaa.

"Karibu, mzee wangu, kaa. Hiki cha kwanza ni nini?"

"Mchoro wangu wa mwezi uliopita."

"Na hiki cha pili?"

Rula alikitazama, ingawa hakuwa na haja. "Povu. Cha zamani hicho, meneja. Wewe ulikuwa hujaanza hata shule."

"Naona Povu kabadilisha shati tu, karudi kazini."

Rula alicheka. Alipogundua anacheka peke yake, akanyamaza. Meneja aligeuza kompyuta yake ili naye aione.

"Humu ndani mna michoro elfu arobaini. Nabonyeza, nauchukua, umeshaungwa kichwa na mkia. Wakubwa wananiuliza kwa nini bado nina chumba cha michoro."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawajibu nina mtu mwenye jicho. Sasa nipe cha kuwaonyesha." Alikunja vile vipande, kimoja juu ya kingine. "Mchoro mmoja wa pazia, mpya kweli. Ijumaa ya wiki ijayo. Usipopatikana, chumba kinafungwa mwisho wa mwezi. Wewe hufukuzwi, mzee wangu. Utahamia kwenye kukunja mpaka ustaafu."

Alibakiza miaka mitatu kustaafu. Chumba cha kukunjia kilikuwa ghorofa ya chini, bila madirisha. Watu waliopelekwa huko walikuwa wale ambao kiwanda kiliona haya kuwaondoa.

Mchana alikula nyuma ya stoo ya rangi pamoja na rafiki yake wa miaka mingi, mtu wa kuchanganya rangi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mpishi. Mikono ya Mpishi haikuwahi kuwa ya rangi moja. Siku hiyo ilikuwa ya kijani mpaka kwenye viwiko. Walikaa juu ya mapipa yaliyopinduliwa.

"Basi si uchore kitu," Mpishi alisema baada ya kusikia habari yote.

"Kitu gani?"

"Unaniuliza mimi? Mimi kazi yangu jikoni. Wewe ndiye wa kuleta nyama." Alitafuna, akatikisa kichwa. "Mwenzangu, wewe si ndiye uliyeleta Kitana? Nani mwingine angeona kitana kilichong'oka meno akafikiria pazia? Mimi nikikiona namtafuta aliyekivunja nigombane naye."

Rula alitabasamu kwa shida.

Kitana kilionwa na mkewe. Alikiokota chini ya kitanda, akakishika juu ya mwanga wa dirisha, akamwita: "Rula, hebu njoo uone. Huu si uzio wa nyumba ya watu waliohama?" Povu nalo alikuwa ameliona yeye, mwaka wao wa kwanza wa ndoa, ndani ya beseni la kuoshea vyombo. Alisema ni mji ulioonwa kutoka juu, kila nyumba na taa yake. Ndala mbili zilizolowa zikaacha nyayo kwenye saruji, akamwita. Kutu ikachora ramani chini ya sinki, akamwita. Mume alikuja na penseli, akatazama pale alipoonyeshwa, akachora. Mkono ulikuwa wake na ulikuwa mkono mzuri sana. Lakini kila mchoro ulipopita, uliandikwa katika daftari nene la chumba cha michoro: jina lake, tarehe, na mchoraji. Katika safu ya mchoraji palikuwa na jina moja tu, kurasa kwa kurasa.

Mkewe hakuwahi kudai. Rula alimwita Bibie tangu siku za uchumba, na Bibie alilichukulia jambo hilo kama utani wa ndani ya nyumba. Pazia jipya likitundikwa kwa jirani, alikuwa akisema, "Tazama, beseni langu limeenda kutembea."

Kisha kisukari kikamshika macho. Mwaka mmoja na nusu uliopita alikaa kitandani asubuhi moja, akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida kwamba haoni vizuri. Daktari wa macho alisema wamechelewa sana. Sasa alichoweza kutambua ni dirisha tu, kama liko wazi au limefungwa. Tangu siku ile Rula hakuwa ameleta mchoro hata mmoja usiokuwa wa zamani uliobadilishwa rangi.

Jioni ya Jumatatu hiyo alimkuta Bibie ameketi jikoni, mikono imelala juu ya meza.

"Kuna nini hapa mezani? Nimegonga kitu nikaogopa kukishika."

"Vyombo."

"Vyombo gani?"

"Vyombo tu, Bibie. Sufuria, kikombe."

"Sufuria ikoje?"

"Ikoje vipi? Sufuria ni sufuria."

Bibie aligeuza uso upande uliotoka sauti. "Wewe unanitajia majina. Majina ninayo yote, hayajapotea hata moja. Nakuuliza kuna nini."

Rula aliitazama sufuria. Alijitahidi, kweli alijitahidi. "Ina kifuniko," akasema.

"Masikini ya Mungu," Bibie alisema. "Na huyu mtu ameajiriwa kuchora."

Hapo ndipo alipomweleza habari za meneja. Bibie alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikitafuta makombo juu ya kitambaa cha meza na kuyakusanya pamoja.

"Umekuja kuniomba kitu?"

"Sijaomba."

"Lakini umekaa kama mtu anayesubiri kupakuliwa." Aliyasukuma makombo mpaka ukingoni, akayapokea kwa kiganja. "Mimi nilikuwa nakuonyesha wewe. Sasa mimi nani anionyeshe?"

Wiki ile Rula alitazama vitu mpaka kichwa kikamuuma. Alitazama vifungo. Alitazama rundo la funguo, bomba lililovuja, nyuzi zilizoning'inia kwenye pindo la taulo. Kila jioni alimwelezea Bibie alichokichora, na kila jioni Bibie alimsikiliza kwa subira ya mtu anayesubiri basi ambalo anajua halipo.

"Funguo. Nimekusikia. Zinafanya nini?"

"Zimening'inia."

"Halafu?"

Hakukuwa na halafu. Alhamisi aliichana michoro minane, akaitia kwenye ndoo ya taka chini ya meza yake.

Jumamosi aliamka na haja ya kufanya kazi isiyohitaji jicho. Mwezi uliotangulia binti yao alikuwa amekuja kuwasalimu, na alipokuwa akiaga alisema kwa sauti ya chini, "Baba, ule ukuta wa koridoni unatisha. Hata kama mama haoni, wewe unaona." Rula alijaza maji kwenye ndoo, akatia sabuni ya unga, akachukua tambara.

Uchafu wenyewe ulikuwa mstari mrefu wa kijivu, kimo cha kiuno, uliotoka chumbani, ukapita mlango wa choo, ukazunguka kona mpaka jikoni. Ukuta ulikuwa wa rangi ya krimu, nao mstari ulikolea kama njia ya miguu kwenye majani. Alikuwa akipishana nao mara ishirini kwa siku. Kichwani mwake ulikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa uchafu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuutazama.

Alisugua hatua mbili kuanzia mlango wa chumba. Kisha akafikia kabati la binti yao, lililotolewa chumbani mwake mwaka alioolewa, miaka mitatu iliyopita, likawekwa pale na halikusogezwa tena. Ili amalize kazi vizuri, alilivuta mbele.

Nyuma ya kabati mstari uliendelea.

Alisimama na tambara mkononi. Alihesabu, kisha akahesabu tena, kwa sababu hesabu ilikuwa fupi mno kwa mtu kuikosea. Kabati miaka mitatu. Bibie kusema haoni, mwaka na nusu.

"Mbona kimya?" Bibie alisema kutoka jikoni. "Siwasikii wewe na ndoo yako."

"Nimesogeza kabati."

Kiti kilikwaruza sakafu, kisha Rula akamwona akija, mkono wa kulia ukipita juu ya mstari wake, mwepesi, bila kukosea. Alipokaribia alisimama karibu naye, akanyoosha mkono mbele, ukagusa pale palipokuwa pamelowa. Vidole vilirudi nyuma kama vilivyoungua.

"Umepafuta."

"Kipande tu."

"Nyuma ya kabati kuna nini?"

Aliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia sufuria, na safari hii Rula alijua kwamba jina halitatosha.

"Kuna mstari," akasema. Akachutama. "Ni mwembamba kuliko wa huku nje. Haujakolea. Kama wa mtu anayegusa kwa ncha za vidole, anataka na hataki. Unaanza juu kidogo, unashuka, halafu hapa katikati umepanda tena." Alisogea karibu zaidi. "Hapa kuna alama nne zimesimama pamoja, na ya tano iko chini yake, pembeni. Hizi hazijaburutwa. Hapa ulisimama."

"Nilisimama," Bibie alisema. "Ulikuwa unatoka chooni. Nikajifanya nimeegemea ukuta, nikakuuliza kama maji ya moto yapo."

"Kabati lililetwa hapa miaka mitatu iliyopita."

"Najua liliwekwa lini. Nililigonga siku ileile. Nikakwambia nimejigonga mezani."

Rula bado alikuwa amechutama. Michoro yake miwili ya mwisho yenye maana, ile iliyomfanya meneja aseme ana mtu mwenye jicho, ilikuwa Vijiti na Matone. Yote miwili ililetwa baada ya kabati.

"Vijiti," akasema.

"Kiberiti nilikimwaga mwenyewe. Nikavipapasa sakafuni, nikajua vimelalaje. Ndipo nikakuita."

"Na Matone?"

"Niliyasikia kwenye kioo. Nikakumbuka mengine ya zamani."

"Kwa nini hukusema, Bibie?"

"Ningesema, ungeniuliza nini tena?" Alikuwa ameegemea ukuta, uso umeelekea mahali pasipo na kitu. "Humu ndani palikuwa na kazi moja niliyokuwa naiweza kuliko wewe. Nami nilikuona, Rula. Mpaka siku zile nilikuwa nakuona, kama kwenye ukungu. Nikikuonyesha kidole, ulikuwa unatazama kidole."

Tambara lilikuwa likidondosha maji juu ya kiatu chake. Alifanya lile alilokuwa akiombwa wiki nzima. Alikwenda na ukuta hatua kwa hatua, akamwelezea. Alimweleza mahali mstari ulipotanuka kwa sababu sakafu hapo ina ufa na yeye hupunguza mwendo. Alimweleza mafuta ya kupikia yaliyoutia weusi karibu na jikoni, na kona iliyong'aa kwa kushikwa, laini kama mpini wa jembe la zamani. "Kwenye mlango wa choo unakatika," akasema. "Unakolea kabisa, kama umekandamiza, halafu hakuna kitu. Na kwenye mlango wa chumba vilevile. Na jikoni."

"Hapo huwa nimefika," Bibie alisema.

Walikaa sakafuni, migongo kwenye ukuta, ndoo katikati yao. Sabuni ilikuwa imeshatulia na maji kubaki ya kijivu. Rula alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka ishirini na tisa, na kwa miaka mitatu hadi minne kati ya hiyo Bibie alikuwa akipapasa njia kila siku, hatua tano kutoka kwenye sahani yake ya chakula.

"Naomba niuchore," akasema.

Lilikuwa ombi la kwanza. Michoro mingine yote aliichukua tu.

"Unataka watu watundike upofu wangu madirishani?"

"Hawatajua ni nini."

"Mimi nitajua." Nje mtu alikuwa akipita anapiga mluzi, na Bibie akangoja mpaka mluzi ukaisha. "Chora. Lakini safari hii lile daftari lisiseme uongo."

Alichora kuanzia Jumapili. Alibandika karatasi juu ya ukuta, akafuata mstari kwa penseli laini, sentimita kwa sentimita, na kipande kile alichokifuta alimwomba Bibie akipite tena, mara nyingi, huku yeye akitazama mkono. Kazini aliipanga mistari saba, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na mwendo wake. Hakuwa amefanya kazi namna ile tangu ujana wake, na hakufurahi hata kidogo. Alikuwa na hofu ya mtu anayebeba kitu cha watu.

Jumatano alikwenda kwa Mpishi kutafuta rangi.

"Kijivu cha nini?"

"Cha mkono."

"Mkono wa nani, wa makanika?"

"Wa mtu anayeshika ukuta."

Mpishi alikuwa na mzaha mwingine ulimini, lakini alimtazama rafiki yake usoni, akaumeza. Alichanganya mara sita. Ile ya sita ilikuwa na tone la kahawia na tone la njano, na Rula alipoiona alisema basi.

Alhamisi mchana ilibaki kazi ya kuunga. Alipoingiza kichwa mkiani, mistari yote saba ilikutana sawasawa. Lakini katikati ya karatasi palikuwa na nafasi tupu, tatu katika kila mstari, mahali pa milango. Zilimkera. Kitambaani nafasi ya namna hiyo husomeka kama silinda iliyoziba, na mteja hurudisha mzigo. Mkono wake ulishajua la kufanya kabla yeye hajafikiri. Alizifunga moja moja, akiendeleza kijivu kutoka upande huu hadi upande ule, kwa ustadi ambao hata yeye alipotazama tena hakuona palipokuwa na nafasi. Akaweka rula mezani, akanawa.

Ijumaa meneja alikuja chumba cha michoro, akautazama mchoro kwa muda mrefu. Aliubandika ukutani, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akautazama tena.

"Mzee wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na joto. "Hiki hakimo kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Ni nini? Upepo? Maji?"

"Ni mkono."

"Mkono." Alitabasamu. "Basi kauandikishe."

Daftari lilikuwa pale pale, juu ya kabati la mafaili. Rula alilifungua. Aliandika jina la mchoro, akaandika tarehe, na katika safu ya mchoraji aliandika jina kamili la mkewe, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake wa kichoraji. Meneja alikuwa akisoma juu ya bega lake.

"Huyu ni nani?"

"Mke wangu."

"Ni mchoraji?"

"Hapana. Yeye ndiye anayeona. Mimi nachora."

"Tangu lini?"

"Tangu Povu."

Meneja alivuta kiti, akakaa. Alifungua kurasa za nyuma, akaweka kidole: Kitana? Rula akaitikia kwa kichwa. Kutu? Akaitikia. Vijiti? Matone? "Hiyo miwili," Rula alisema, "alinipa akiwa hata haoni tena."

"Sasa hivi haoni?"

"Haoni."

Chini yao mashine zilikuwa zikiunguruma, na vikombe vilivyokuwa kando ya birika vililia kidogo.

"Unajua ulichonifanyia?" meneja aliuliza taratibu. "Nilikuwa na hoja moja tu ya kuwatetea ninyi huko juu: kwamba nina mtu mwenye jicho. Wakiniuliza mwezi ujao jicho liko wapi, niwaambie nini? Kwamba liko nyumbani kwa mtu na limepofuka?"

"Sasa na mimi naona."

"Tangu lini?"

Rula alifikiri, kwa sababu alitaka kusema kweli mpaka mwisho. "Tangu Jumamosi."

Meneja alifunga daftari. Hakulifuta lile jina, na hilo Rula alilishukuru baadaye. Mchoro ulikwenda kwenye silinda Jumatatu iliyofuata. Chumba cha michoro kilifungwa mwisho wa mwezi. Miavuli na fremu zilikwenda stoo, na Rula akashuka ghorofa ya chini na rula yake, ambayo huko haikuwa na kazi.

Kitambaa kilitoka baada ya wiki sita. Watu wa mauzo walisema Mkono si jina la pazia, wakauita Mawimbi. Kijivu kilionekana kama uchafu, wakakibadilisha kuwa bluu. Mpishi aliichanganya mwenyewe ile bluu, na siku hiyo hakuja kula nyuma ya stoo.

Rula aliomba kipande cha mwisho wa jora, akakipeleka nyumbani. Bibie alikitandaza mapajani, akakipitisha kiganja, huku na huku.

"Laini," akasema. "Hamna kitu."

"Rangi haishikiki."

"Basi niambie."

Alimwambia. Sasa alikuwa akijua kuambia. Alimweleza mistari saba, ule wa juu wenye wasiwasi na ule wa chini uliozoea njia, zile alama nne na ya tano pembeni, na jinsi bluu ilivyoufanya mchoro wote uonekane kama unafanyika mbali, kwenye nyumba ya watu wengine. Bibie alisikiliza kichwa kimeinama, na kwa dakika chache uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa mtu aliyeinama juu ya beseni.

"Na hauna kidonda hata kimoja," Rula akamalizia. Hakuweza kujizuia.

"Na milango?"

"Milango ipi?"

"Mkono unakwenda, unakwenda. Unafika wapi?"

Rula alikitazama kitambaa. Aliufuata kwa macho mstari mmoja, akavuka ukingo, akaingia upande wa pili, akajikuta alipoanzia. Alifuata mwingine.

"Palikuwa na nafasi," akasema. "Nilizifunga."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni vidonda."

Bibie akaanza kucheka, kicheko kidogo kisicho na furaha, akakikunja kile kipande mara nne na kumrudishia mikononi.

"Basi mwenzangu wa kwenye pazia bado anatafuta choo," akasema. Akainuka, akagusa ukuta, akaenda zake chumbani. Mkono wake ulikandamiza kidogo kabla ya mlango, ukaachia.

Rula alimwomba meneja airekebishe silinda. Meneja alimjibu kwa upole kwamba imeshachongwa, na kwamba hakuna mteja aliyelalamika.

Chumba cha kukunjia kina meza ndefu na taa nyeupe. Kitambaa hushuka kutoka juu, mtu hukinyoosha kwa kiganja, hukikunja, hukifunga jora la mita thelathini. Mawimbi yamependwa, kwa hiyo siku nyingi ndiyo yanayoshuka. Mkono wa kulia wa Rula hupita juu ya mstari, ukienda nao, mita baada ya mita, bila mahali pa kusimama, mpaka pale mkasi ulipopita na kitambaa kikaisha. Hapo hukandamiza kidogo.

"Mzee, unasubiri nini hapo?" msimamizi wa zamu humuuliza. "Wenzako wako jora la tatu."

"Nimefika," Rula husema, na kuvuta jora jingine.